Maswali Yenu ya Kijerumani: Mzee Aliyesimama Nikimwambia Asisimame

Mezani kwangu hapa Kondele, Kisumu, juu ya duka la magodoro, kuna rundo la barua na jumbe, na karibu zote zinazunguka vitenzi sita vya Kijerumani: können (kuweza), müssen (kulazimika), dürfen (kuruhusiwa), sollen (kuagizwa), wollen (kutaka) na mögen (kupenda). Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini mkataba wa uhamaji wa wafanyakazi mjini Berlin mwezi wa Septemba 2024, darasa langu limejaa wauguzi, mafundi wa umeme na vijana waliomaliza kidato cha nne jana na juzi. Wote wanajikwaa palepale, na sababu naijua: mnakiendea Kijerumani kwa kupitia Kiingereza. Hiyo ni sawa na mtu kutoka Kisumu kwenda Siaya akapitia Nakuru. Leo tutumie njia ya nyumbani.

"Mwalimu, hujambo? Katika jaribio la Kijerumani ngazi ya B1 niliandika kuwa mgonjwa aliyetoka kupasuliwa 'muss nicht aufstehen'. Mwalimu wangu amepiga mistari miwili myekundu na kuandika 'hatari!' pembeni. Kosa liko wapi, na maneno nimeyapanga sawasawa?" — Muuguzi, Bungoma

Kweli umeyapanga sawasawa, dada. Lakini huyo mgonjwa wako ataanguka.

Mwaka wangu wa kwanza Ujerumani nilikuwa mfanyakazi wa kujitolea katika makao ya wazee, si mbali na Bremen. Kulikuwa na mzee mmoja aliyewahi kuwa baharia. Miguu ilikuwa imechoka, kichwa hakijachoka hata kidogo. Asubuhi moja sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki, maji bado yanang'aa, nikamwona anashika mkono wa kiti ainuke. Nikapaza sauti kwa Kijerumani changu cha miezi minne: "Sie müssen nicht aufstehen!" Mimi nilijua nimesema "usisimame". Mzee akanitazama kwa upole, akanijibu: "Ich weiß. Ich will aber." Akasimama. Nilimdaka akiwa ameshaanza kuteleza, tukaenda chini wote wawili, yeye juu yangu. Hakuumia. Bega langu la kushoto ndilo linalonikumbusha mpaka leo mvua ikikaribia.

Nilichomwambia kilikuwa hiki: "Si lazima usimame, mzee wangu." Naye akajibu kama ambavyo mtu mzima yeyote angejibu: "Najua. Lakini nataka."

Kiingereza ndicho kilichoniponza. Huko, neno la ulazima likikanushwa linakataza. Katika Kijerumani, "nicht" hapo inauondoa ulazima tu, basi. Sasa acha Kiingereza kando ujiulize kwa Kiswahili: "si lazima uje" na "usije" ni kitu kimoja? Hakuna mtoto Bungoma nzima anayeyachanganya. Basi "müssen" pamoja na "nicht" ni si lazima, huna haja. Ukitaka kukataza, ile "usi-" yetu, chukua "dürfen": "Der Patient darf nicht aufstehen." Mgonjwa haruhusiwi kusimama. Ukiwa unasema naye ana kwa ana, weka "noch" ili usionekane askari jela: "Sie dürfen noch nicht aufstehen", yaani bado hujaruhusiwa, subira kidogo.

Kosa hili lina upande wa pili, nao umeliza watu. Mwanafunzi wangu mmoja aliambiwa na msimamizi wake wa wodi, "Sie müssen morgen nicht kommen." Akalia usiku kucha na kuanza kukunja nguo akijua amefukuzwa kazi. Kumbe amepewa siku ya kupumzika.

Nikiwa bado nawe, nikuongezee "sollen", maana wodini utalitumia kuliko yote. Hili ni neno la agizo linalotoka kwa mtu mwingine. Kwa Kiswahili hatuhitaji kitenzi maalumu: tunabadilisha irabu ya mwisho, kazi imekwisha. "Daktari amesema unywe maji mengi." Mjerumani: "Sie sollen viel trinken." Wewe muuguzi ni mdomo tu, anayetaka ni daktari. Na pale unapouliza "Nifungue dirisha?", hiyo "-e" ndiyo "sollen" yenyewe: "Soll ich das Fenster aufmachen?" Ukiwa unatoa ushauri wako mwenyewe, wa kirafiki, sema "Sie sollten": "Sie sollten mehr trinken", afadhali unywe zaidi. Wazee wa kule hawapendi kuamrishwa, na sijui kama wa kwetu wanapenda.

"Nilimwandikia mwajiri mmoja wa Ujerumani: 'Ich will im Mai 24 Jahre alt sein.' Akanijibu kwamba hata yeye angetaka kuwa na miaka 24, lakini ana 58. Ananicheka?" — Kijana, Nyalenda

Anakucheka, ndiyo, ila kwa wema. Mtu aliyekujibu kwa mzaha amekusoma mpaka mwisho, kwa hiyo usikate tamaa.

"Ich will" ni nataka. Haina uhusiano wowote na wakati ujao, hata kama kuna lugha jirani yake inayoandika neno hilohilo kwa kazi hiyo. Umri wako wa Mei ulitakiwa kuwa "Ich werde im Mai 24." Hapo "werden", yaani kuwa, anajitosheleza.

Lakini Kiswahili nacho kina mtego wake hapa, nikiri. Sisi husema "mvua inataka kunyesha", "gari linataka kuondoka", "huo ukuta unataka kuanguka". Wanafunzi wangu hutazama dirishani mawingu yakitoka upande wa ziwa wakasema "Der Regen will kommen", na mimi hucheka kwa sababu naisikia Kisumu yetu ndani yake. Mjerumani wa kawaida atasema "Es regnet gleich" au "Es wird gleich regnen". Kwake ukuta hautaki kitu.

Jambo la pili ni adabu, na hujaniuliza, lakini utafika huko. Katika hoteli za hapa mtu husema "niletee chai" na hakuna anayenuna. Ukiingia duka la mikate Ujerumani, muuzaji atakuuliza "Was darf es sein?", yaani nikupe nini. Ukijibu "Ich will zwei Brötchen" utapewa mikate yako miwili, ila sauti yako itakuwa ya mtoto wa miaka mitatu anayevuta gauni la mama. Sema "Ich möchte zwei Brötchen", au "Ich hätte gern zwei Brötchen".

Na "möchte" hii msiikariri kama kitenzi kipya. Ni "mögen", kupenda, aliyevishwa "-nge-". Ningependa. Hapa ndipo Kiswahili kinapotubeba mgongoni. Andika maneno haya kwenye daftari, uyatazame vizuri: "konnte" ni niliweza, "könnte" ni ningeweza. "Musste" ni ilinibidi, "müsste" ni ingenibidi. "Mochte" ni nilipenda, "möchte" ni ningependa. Zile nukta mbili juu ya irabu ndizo "-nge-" yenu. Ukizisahau kwenye mtihani umehamisha sentensi kutoka ndoto hadi jana. "Könnten Sie mir helfen?" ni ungeweza kunisaidia, bila nukta unamuuliza mtu kama aliweza, na yeye atashangaa lini. Wawili tu ndio hawana nukta: "sollte" na "wollte" huvaa nguo ileile kazini na kanisani, na utawatambua kwa sentensi nzima.

"Mbona tunasema 'er kann' na si 'er kannt', na vitenzi vingine vyote vina t?" — Mwanafunzi, Kakamega

Kwa sababu zamani sana umbo hilo lilikuwa la jambo lililokwisha kutendeka, kisha likahamia wakati uliopo bila kubadilisha nguo. Usilione la ajabu. Wewe mwenyewe ukisema "amelala" au "amesimama" una "-me-" mdomoni lakini unazungumzia sasa hivi. Hata "ich weiß" asili yake ya mbali ni nimeona, na aliyeona anajua. Ndiyo maana "ich" na "er" wana sare moja: ich kann, er kann, ich muss, er muss, ich darf, er darf. "Wollen" ana ukoo tofauti, lakini amekaa na wenzake hadi akafanana nao.

"Kitabu changu cha mtumba kutoka barabara ya Oginga Odinga kimeandika 'ich muß'. Mwalimu anaandika 'muss'. Nani mkweli?" — Msomaji, Manyatta

Wote, kila mmoja kwa enzi yake. Makubaliano ya kurekebisha tahajia ya Kijerumani yalitiwa saini Vienna mwezi wa Julai 1996 na yakaanza kutumika rasmi Agosti 1998. Tangu hapo, baada ya irabu fupi huandikwa ss: "muss", "musste". Baada ya irabu ndefu au irabu pacha ß inabaki, ndiyo maana "ich weiß" haijaguswa. Kitabu usikitupe, sarufi yake ni ileile. Ila kwenye mtihani fuata mwalimu wako.

"Mimi ni mvuvi. Najua kuogelea tangu utotoni. 'Ich weiß schwimmen' ni sawa?" — Dunga

Hapana, ndugu yangu. Sisi tuna kujua kuogelea na kuweza kuogelea, ambavyo ni vitu viwili. Mjerumani anavitia vyote kwenye kapu moja: "Ich kann schwimmen." Vivyo hivyo kwa lugha, tena bila kitenzi kingine: "Ich kann Deutsch", najua Kijerumani. Kwa ufuo wenu pale, pamoja na viboko wake, sentensi kamili ni hii: "Ich kann schwimmen, aber hier darf man nicht schwimmen."

"Kwa nini kitenzi chenyewe wanakiacha mpaka mwisho? Nikifika mwisho wa sentensi nimesahau nilianza na nini. Na je, wakati uliopita ni 'gemusst'?" — Mfanyabiashara, Busia

Nenda Kibuye utazame mkokoteni wa viazi ukitoka sokoni. Mmoja yuko mbele ameshika mpini, ndiye anayekata kona. Mwingine yuko nyuma, kichwa chini, anasukuma tu. Magunia yako katikati. "Ich muss heute in Busia Kartoffeln kaufen." Lazima leo ninunue viazi Busia. "Muss" ndiye wa mbele: anageuka kumfuata mwenye sentensi, ich muss, du musst, wir müssen. "Kaufen" ni wa nyuma, hageuki kwa mtu yeyote. Siku, mji na viazi ndiyo magunia. Ukianza kuzungumza, mtafute kwanza wa nyuma kichwani mwako, ujue ni nani atakayesukuma, ndipo upakie mizigo. Wanaosahau ni wale wanaopakia kwanza.

Msimwekee wa nyuma "zu" mgongoni. "Kaufen" tayari ni kununua, ile "-en" ndiyo "ku-" yake. "Ich muss zu kaufen" ni kama kusema "naweza ku-kununua". Atakayetaka "zu" ni "brauchen": "Du brauchst nicht zu kommen", huna haja ya kuja.

Sasa, sentensi ikianzwa na "weil" (kwa sababu), "dass" (kwamba) au "wenn" (ikiwa), hapo barabara imeanza kupanda. Wa mbele anaacha mpini na kuzunguka nyuma kusaidiana na mwenzake, naye anakuwa wa mwisho kabisa: "weil ich heute in Busia Kartoffeln kaufen muss". Nani basi ameshika mpini? Usiniulize. Mfano wangu ni wa sarufi, si wa fizikia.

Kuhusu wakati uliopita, andika "ich musste", "ich konnte", "ich wollte", ulale usingizi. Wajerumani wenyewe, hata wale wanaosimulia kila kitu kwa "ich habe", wakifika kwenye vitenzi hivi hupendelea umbo hili fupi. Siku moja utakutana na "Ich habe Kartoffeln kaufen müssen" na utadhani mtu amekosea kwa kuweka vitenzi viwili vizima mwishoni. Hajakosea. "Gemusst", "gekonnt" na "gewollt" hutokea pale tu hakuna kitenzi kingine cha kusukuma: "Das habe ich nicht gewollt." Sikutaka iwe hivyo. Hiyo ijue, itakusaidia ukivunja sahani ya watu.

"Mwalimu, mwanangu yuko Ujerumani anasomea kazi, na kwa siku mbili hakushika simu. Nikamwandikia kijana anayesoma naye. Akajibu: 'Er soll krank sein. Er muss noch im Bett liegen.' Simu ikanitafsiria kuwa anapaswa kuwa mgonjwa na ni lazima alale kitandani. Nani amempangia mwanangu ugonjwa? Sijalala." — Mama, Kiamunyi, Nakuru

Mama, pole sana, na lala. Hakuna aliyempangia lolote. Nilikujibu kwa ujumbe siku ileile, lakini naomba niliweke hapa pia, kwa sababu simu za watu wengi zinawatisha hivihivi.

Nilieleza juu kwamba "sollen" ni agizo la mtu mwingine. Sasa badala ya agizo weka habari ya mtu mwingine. "Er soll krank sein" ni "eti anaumwa", inasemekana ni mgonjwa. Kijana huyo hakumwona kwa macho yake. Ameambiwa na mtu wa tatu, na kwa uaminifu wake amekuonyesha kwamba habari si yake. Lugha yetu ina "eti", wao wana "soll".

Sentensi ya pili ndiyo simu ilipochemka zaidi. Sikiliza tofauti hii: "lazima alale" na "lazima amelala". Ya kwanza ni amri. Ya pili ni mtu anakisia, taa imezimwa, viatu viko mlangoni, basi lazima amelala. Kiswahili kinazitenga kwa kitenzi kinachofuata, na sidhani kama umewahi kukosea. Kijerumani kinatumia "muss" kwa zote mbili, na ni mazungumzo tu yatakayokuonyesha ni ipi. Kijana alikuwa anakisia: bila shaka bado yuko kitandani. Simu ikachukua amri.

Kukisia kwenyewe kuna ngazi, na ukizijua utapima maneno ya huyo kijana kama unavyopima unga. "Er muss schlafen", ikiwa ni kukisia, ni bila shaka amelala. "Er dürfte schlafen" ni yamkini amelala, mtu ana sababu nzuri lakini haweki dau. "Er könnte schlafen" ni huenda. "Dürfte" hii huwapoteza wengi kwa sababu wamekariri kwamba "dürfen" ni ruhusa. Hapa haiombi wala haitoi ruhusa yoyote.

Nilikuwa nimefika hapo nikadhani nimemaliza, ndipo ukaja ujumbe wa pili kutoka Kiamunyi:

"Asante Mwalimu. Amenipigia, ilikuwa homa tu, ameanza kula. Lakini anasema kazini mkubwa mmoja ameandika juu yake: 'Er will krank gewesen sein.' Hiyo nayo ni nini? Alitaka kuumwa?"

Hapana, mama. Huyo "will" si wa kijana wa Nyalenda. Kwenye habari za watu, "soll" ni watu wanasema juu yake, na "will" ni yeye mwenyewe anasema juu yake, na mwandishi amejikunja mikono. "Anadai alikuwa mgonjwa." Sauti yake ni ile ya mtu anayesema "anajidai" huku akitazama pembeni.

Kwa hiyo hili si swali la sarufi tena. Sheria ya Ujerumani humtaka mfanyakazi anayeumwa zaidi ya siku 3 awe na cheti cha daktari, na mwajiri anaweza kukitaka hata mapema zaidi. Mwulize mwanao kama alikwenda kwa daktari. Mwulize leo.